Ukurasa wa Marlys Hruska

Picha ilipigwa Jumanne. Marlys Hruska aliivalia ile blauzi ya buluu aliyoinunua kwa mazishi ya mama yake, kwa kuwa nguo nyingine ya maana hakuwa nayo. Mpiga picha alimwambia atabasamu, akatabasamu. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na hakuna mtu aliyewahi kuitaka sura yake kwa ajili ya kazi.

"Shangazi, umependeza," Grant Tiedeman alimwambia mlangoni. "Jopo la serikali likikuona litasahau maswali."

"Nyamaza wewe. Usiniweke tu karibu na Dale, watadhani mimi ni mjukuu wake."

Grant hakuwa mpwa wake wa damu. Alikuja kwenye kampuni ya Dale Brandvold miaka kumi na moja nyuma, ana shahada mbili za chuo kikuu na hajui hata barabara moja ya jimbo. Mwaka ule theluji ilifunga njia mwezi wa Novemba, na Marlys akamlaza kwenye kochi lake siku nne, akamlisha supu ya kabichi na kolache, vile vimkate vitamu vyenye jamu ya plamu. Ushangazi ulianzia hapo. Mchana alimlisha na kazi pia. Alimfundisha kila alichokijua, naye kijana akala sahani zote mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa kuipigia serikali hesabu za safari za jimbo zima: watu wangapi na malori mangapi yatatoka wapi kwenda wapi miaka ishirini ijayo, ili barabara zijengwe panapostahili. Ndani ya kompyuta jimbo lilikatwa kanda elfu mbili na mia tatu, kila kanda na namba yake. Wenzake wote waliingia katika kazi hiyo kwa mlango wa chuo. Marlys aliingia kwa mlango wa barabarani. Shule aliiacha darasa la kumi, mwaka trekta ilipomvunja baba yake mguu. Alipofika miaka ishirini na minne Dale alimwajiri kutandaza mirija ya mpira ya kuhesabia magari juu ya lami. Baadaye akapewa ubao na kalamu, akawa anasimamisha malori na kuuliza: unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini?

"Natoka kwa mke wangu, nakwenda kwa mama yake, nimebeba huzuni," dereva mmoja alimjibu.

Marlys aliandika yote isipokuwa huzuni.

Kompyuta zilipokuja alijifundisha mwenyewe kuziingiza barabara humo, moja baada ya moja. Kwa miaka ishirini na tisa, swali likizidi vitabu, Dale alisema, "Muulizeni Marlys."

Sasa serikali ilikuwa inatoa kazi upya, na kampuni zilizoitaka zilipaswa kupeleka kitabu cha zabuni. Katikati ya kitabu hukaa wasifu wa wataalamu, kila mtu na ukurasa wake: picha, shule, na kazi alizofanya. Mwaka huu iliongezwa sheria. Asiye na ukurasa si mtaalamu. Haruhusiwi kuigusa kazi hiyo, wala kujibu swali siku ya mahojiano, na akijibu, kampuni yake inatolewa kwenye zabuni. Kampuni ya Dale haikuwa na kazi nyingine. Kwa Marlys, bila ukurasa hakukuwa na ajira.

"Utakuwa na wako," Grant alimwapia. "Naandika mimi mwenyewe."

Alhamisi karatasi za kitabu zilitoka kwa mchapaji, na kama miaka yote, kuzitoboa na kuzifunga ilikuwa kazi ya Marlys. Alipofika katikati alipunguza mkono ili auone uso wake. Akauona wa Dale. Akauona wa Grant. Akawaona wasichana wawili walioajiriwa majira ya kuchipua, wote wa chuo cha Grant. Baada ya hapo kulikuwa na ramani.

Alirudi nyuma akausoma ukurasa wa Grant. "Aliongoza uchunguzi wa malori wa jimbo zima, 1997." Mwaka huo Grant alikuwa na miaka tisa. Chini kidogo: "Aligundua na kurekebisha kosa lililodumu zaidi ya miaka ishirini katika kanda ya 1906."

Marlys aliketi juu ya katoni.

Kanda ya 1906 ni ya ghala kubwa la nafaka, ng'ambo ya mto kutoka mji wa Tabor Mills. Alisimama pale siku tatu za Oktoba, vidole vimekufa ganzi, hadi akaielewa. Daraja la Tabor Mills ni bovu, halibebi lori lililojaa. Kikomo cha uzito kimeandikwa kwenye kibao pale darajani, lakini kwenye kompyuta hakikuwamo. Kwa hiyo malori yenye mahindi huzunguka kwa barabara ya changarawe ya kaskazini, na yakisha kushusha hurudi matupu kupitia darajani. Ndani ya kompyuta Marlys aliifanya changarawe kwa mkono wake kuwa ya haraka kwa upande wa kwenda na ya polepole kwa upande wa kurudi, na tangu hapo hesabu zililingana na magari ya barabarani. Hilo ndilo "kosa" Grant alilolirekebisha.

Alimkuta Grant dirishani akinywa kahawa.

"Ukurasa wangu uko wapi?"

"Shangazi, nilitaka kukuambia. Wanahesabu shahada. Ukurasa usio na shule unatushusha alama. Dale ndiye aliyeutoa."

"Na 1997 ni Dale aliyekupa? Mwaka huo ulikuwa bado unakojoa kitandani."

"Ni kazi ya kampuni. Nimeiandika kwa niaba ya kampuni."

"Kwa niaba ya kampuni, chini ya picha yako."

"Usinifanyie hivi. Tutakutafutia kitu. Mapokezi, labda."

"Ile changarawe umeigusia nini?"

"Maili hamsini kwa saa kwenda, ishirini kurudi, barabara ileile? Nani aliyekosea vile?"

Angeweza kumwambia palepale, kama alivyomwambia kila kitu bure miaka kumi na moja. Fadhila za punda ni mateke, mama yake alizoea kusema, na Marlys alidhani ni habari za punda tu. Alirudi kwenye mashine, akafunga vitabu vyote kumi.

Siku ya mahojiano walimchukua kubeba ramani na kumimina kahawa. Aliketi ukutani nyuma. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama wa makamo mwenye miwani shingoni. Alifunua kitabu.

"Bwana Tiedeman, hii kanda ya 1906 uliyoirekebisha. Kwenye hesabu zenu sasa malori yote yanapita darajani Tabor Mills. Sisi tumehesabu pale: mchana kutwa yanapita ya kurudi tu. Ya kwenda yako wapi?"

Grant alikohoa. "Huenda ni sampuli ndogo. Mashine za kuhesabia pia hukosea."

"Kwa upande mmoja tu?"

"Inawezekana, mama. Kwa hesabu zetu, daraja lile linahitaji kupanuliwa njia nne."

Marlys alikuwa ameapa kunyamaza. Lakini njia nne zingepita katikati ya nyumba za watu, na malori yenyewe hayapiti pale. Birika lilikuwa bado mkononi.

"Lori likijaa linazunguka kwa changarawe," alisema. "Likiwa tupu linakatiza darajani. Kasomeni kibao cha uzito. Halikuwa kosa."

Mwenyekiti alivaa miwani, akapekua kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Wewe ni nani, mama? Sikuoni humu."

"Hutaniona. Nimo, ila kwa picha ya huyu."

Mwenyekiti alifunga kitabu taratibu, kama mtu asiyependa anachokifanya. Sheria ya asiye na ukurasa ilikuwa ukurasa wa nne, na kampuni ya Dale ikatolewa.

Huko nje Grant alikuwa amepauka uso. "Ulijua! Ukurasa wa nne umeufunga kwa mikono yako!"

"Nilijua."

Dale alimfuta Marlys kazi kabla hawajafika kwenye gari. Alirudi nyumbani kwa basi, mwendo wa saa tano nzima, na ramani za watu zikiwa zimebaki mapajani mwake.

Picha zake za blauzi ya buluu zilifika kwa posta wiki iliyofuata. Alizitia kwenye droo ya visu.

Mwezi wa tatu simu ililia. Sauti ya msichana, yenye adabu, kutoka kampuni iliyopewa ile kazi.

"Mama Hruska, tumekwama kanda ya 1906. Tumeambiwa wewe ndiye unayeijua."

"Kwenye kitabu chenu kuna ukurasa wangu?"

"Hapana, mama. Kitabu kilishapelekwa."

"Na nani aliyewaambia habari zangu?"

"Grant Tiedeman. Yuko nasi sasa. Ukurasa wake serikali ilikubali uongezwe."

Marlys alicheka, kicheko kilichomuuma kifuani.

"Mwambie achukue kiti cha kukunja na ubao, akasimame Tabor Mills siku tatu za Oktoba," alisema. "Na avae soksi mbili mbili. Hilo namwambia bure, liwe la mwisho."