Choo Kilichozuia Choo

Nilikwenda Kilwa Kisiwani kuomba kibarua kwa mtaalamu wa mambo ya kale. Digrii ya akiolojia ninayo, kazi sina, so nikamfuata hukohuko. Nikamkuta amesimama juu ya shimo la choo alilokuwa akichimbiwa mama mmoja, maana pale kwenye magofu huchimbi bila mtu wa kukagua kinachotoka ardhini. Nikatoa ombi langu, akaniambia nisubiri.

Mafundi walipofika kiunoni, sururu ikagonga ukuta wa mawe na chokaa. Mtaalamu akainua kiganja, akashuka, akapangusa kwa brashi, akapanda akitabasamu.

"Hongera, mama. Hiki ni choo cha zamani sana. Very important. Hakiguswi mpaka tukipime."

"Kwa hiyo baba, waliokufa wana choo, mimi na wajukuu zangu twende kichakani?"

"Tutaangalia sehemu nyingine, lakini siyo leo."

Mama akaingia ndani. Akaleta chai na mihogo. Mtaalamu akanywa, akaongezewa, kisha akaanza kutazama huku na huku.

"Samahani mama, najisaidia wapi?"

Mama akaelekeza kidevu kwenye shimo. "Cha kale hicho hapo. Cha sasa umekisimamisha."

Alirudi kutoka kichakani suruali imejaa mbigili. Kabla hajaketi akawaonyesha mafundi pa kuchimba, upande wa pili wa ua, akasimama tena kukagua.

Nimeelewa sasa. Ombi hujibiwa haraka likimbana mwenye kuamua. Ukosefu wangu wa ajira, honestly, bado haujambana bosi yeyote tumboni.