Karatasi ya Pakiti ya Sigara

Chaja ya simu ilikuwa inachezacheza kwenye tundu la kuwashia sigara ndani ya gari la baba. Asubuhi baba alipoondoka mjini kwetu Kasongo kwenda Kabambare, niliibana kwa karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara. Ikawaka, nikajiona fundi, mjinga mimi.

Kesho yake mama, tuliyedhani ana homa tu, akafariki. Tulimpigia baba tangu alfajiri, simu yake haikupatikana. Sisi Waislamu hatukawizi maiti. Baada ya adhuhuri tukamzika.

Baba alifika jioni. Alipiga honi mlangoni, ili mama atoke kupokea mawese aliyomletea.

Matanga yalipokwisha, alinionyesha fyuzi tatu zilizoungua. "Kila nikibadilisha, inaungua tena, mpaka simu ikazimika njiani. Ile chaja iko mubaya, mutoto wangu. Yule muuzaji aliniuzishia pale sokoni, Mungu atamulipa!"

Nikaichomoa chaja. Karatasi yangu ilikuwa imejikunja mle tunduni, nyeusi kwa moto, imegusanisha chuma na chuma.

Niliificha kiganjani. Mpaka leo baba hamsalimii yule muuzaji, na kila nikipita sokoni, mzee wa watu ananiuliza amemkosea nini.