Buji Nne za Shingo Ndefu

Mwaka ule niliotaka kuoa, kila motokari iliyobaki Likasi ilikuwa na ugonjwa wake. Viwanda vilikuwa vimenyamaza, mishahara tuliisikia kwa jina tu, na vipuri vilipangwa sokoni juu ya magunia, jirani na dagaa. Motokari ya baba yangu ilikuwa na mwili wa Kifaransa na injini ya Kijapani, iliyotolewa kwenye pikapu iliyopinduka njia ya Kakontwe. Baba, fundi wa kiwanda tangu ujana, aliziunganisha mwenyewe uani na kujivunia kazi yake. Minye, yaani mimi, niliionea haya.

Jumamosi ilibidi twende Mwadingusha, kwa wazazi wa msichana niliyempenda mpaka chakula kikanishinda. Baba yake, mwangalizi wa mitambo ya bwawani, alikuwa ametuma neno: tukifika kabla ya saa sita mchana tutapokelewa, tukichelewa, turudi mwaka ujao. Kwa saa, mzee yule hakuwa na mzaha.

Ijumaa motokari ikaanza kukohoa. Baba akasema buji zimechoka, hizo ambazo wengine wanaziita plagi. Akachomoa moja, akaniagiza nimwonyeshe muuzaji, maana buji huchaguliwa kwa injini, si kwa milango wala taa. Shingo, ile sehemu yenye nyuzi inayozama ndani ya injini, lazima zilingane.

Sokoni nikamkuta kaka wa yule msichana, amekuja kutafuta mkanda wa mashine ya kusaga. Muuzaji akauliza motokari yetu ni ya aina gani. Nikataja ya Kifaransa. Akauliza kama injini ni yake ya kuzaliwa. Aka! Shemeji ananitazama, halafu niseme nyumbani tunaendesha chotara? Nikajibu kuwa ni yake kabisa, tangu tumboni. Buji ya baba ikabaki mfukoni. Muuzaji akanichagulia nne mpya, akazipuliza vumbi na kuzifunga kwenye karatasi.

Alfajiri baba akaingiza ya kwanza, akaizungusha injini polepole kwa mkono. Tak. Akasimama, akaichomoa, akailaza kando ya ile ya zamani. Shingo yake ilikuwa imezidi, na pistoni ilikuwa inaigonga kwa chini. Angewasha kwa ufunguo, injini ingevunjika palepale. Aliniuliza nilimwambia nini muuzaji, nikamweleza. Akazifunga zote nne kwenye karatasi yake, akanirudishia.

Shangazi, aliyekuwa msemaji wetu siku hiyo, ndiye aliyetuokoa. Alizichukua buji za zamani, zilizolowa mafuta, akazisugua masizi kwa msasa na kuzilaza juu ya makaa ya mbabula, jiko lilelile alilotoka kusongea bukari, ugali wetu. Zilipokauka, motokari ikanguruma. Njiani ilizima mara tano. Kila mara shangazi alishuka na vitenge vyake vya sherehe, akapuliza mbabula tuliyoibeba kwenye buti, akazikaanga buji kama karanga. Alikuwa ananikumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi, ila hii yangu wameijaza vilima. Tulicheka mpaka machozi, hata minye niliyekuwa nakufa kwa wasiwasi.

Tulifika saa sita haijagonga, tunanuka moshi. Mzee alikuwa mlangoni na mwanawe. Viti vilikuwa tayari, lakini hakutuonyesha hata kimoja. Alikuwa ameusikiliza mlio wetu tangu tukiwa mbali.

"Huyu mutoto yangu anasema motokari yenu iko Mufaransa muzima," akaniambia. "Minye nasikia Mujapani. Nani anadanganya?"

Yule kaka aliinamisha kichwa. Baba yangu alitazama viatu vyake. Nikaona kwamba nikinyamaza, nitakuwa nimemtupia mwenzangu uongo wangu, na baba yangu nitakuwa nimemkana mara ya pili.

"Ni minye, baba," nikasema. "Injini iko ya Mujapani. Baba yangu ndiye aliiweka, na minye nilisikiaka haya."

Nikatoa ile karatasi ya buji mpya, nikampa. Alizipima buji moja moja mkononi, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwita baba yangu amfunulie boneti. Walikaa humo vichwa chini kwa muda mrefu, na shangazi akaketi bila kukaribishwa.

Orodha ya mahari ilipoandikwa, chini ya mbuzi na vitenge mzee aliongeza mstari mmoja: buji nne za shingo ndefu. Ziko mpaka leo juu ya kabati lake, na kila nikienda kumsalimia ananikalisha kwenye kiti kinachozitazama.