Mjumbe wa Chuma

Mbaluka alikuwa mtu wa kusikiliza pampu jinsi wenzake wanavyosikiliza redio. Alitoka Machakos mwaka wa 1995, kisima kirefu cha nje ya Kitengela kilipomaliza kuchimbwa, akapewa chumba cha mabati kando ya tangi na kazi moja tu: maji yasikatike. Wenyeji walimtania kwamba Mkamba huyu ameoa jenereta. Naye alicheka nao, maana maji yalitoka.

Fundi Macharia, aliyesimamia uchimbaji, alimwachia chuma kinene cha mviringo, upana inchi tano.

"Kila mkitoa pampu kuisafisha, teremsha hii kwanza mpaka chini. Hii ndio mjumbe. Ikipita, rudisha pampu. Ikikwama, usirudishe. Niite."

"Sasa itakwama aje, na shimo iko kwa mwamba?"

"Mwamba pia inatembea, mzee, ni vile tu haina haraka. Huko chini mita mia na arobaini kuna udongo laini imelaliwa na mawe. Toboa unga ya chapati na kidole, halafu ungoje. Si shimo inajifunga polepole? Hata hii bomba ya chuma tumeweka kuzuia kuta za shimo itafinywa."

Mawe yatembee! Mbaluka alicheka moyoni, lakini alitii. Mwaka wa 1997 mjumbe alipita, na 1999 akapita. Kila mara Sankale, jirani mwenye ng'ombe sitini, aliuliza akiwa kando ya birika: "Mjumbe amefika?" Mbaluka akijibu amefika, Sankale aliwapigia ng'ombe wake mbinja waje wanywe. Hakuwa na swali la pili.

Mwaka wa 2001 mjumbe akakwama. Walimvuta, wakamshusha tena, akakataa katakata. Ilikuwa siku ya tatu pampu iko nje, ng'ombe wanalamba saruji ya birika, na kumwita Macharia kungekuwa kufunga kisima mwezi mzima ili bomba jingine, lenye kuta nene zaidi, literemshwe ndani ya lile la kwanza. Mbaluka aliona haya kuwatazama wale wanyama. Pia aliogopa, tusimfiche, kwamba kisima kikifungwa na yeye atafungiwa chumba. Akajiambia kuwa pampu yenyewe ni inchi nne tu, itapenya.

Alibeba mjumbe mpaka kwa Musau, fundi wa jua kali mjini, naye akamnyoa kwa grainda, chuma kikapungua upana. Wahenga walisema mjumbe hauawi, kunyolewa hawakukutaja. Mchana huo chuma kikateremka hadi chini bila kugusa kitu.

"Mjumbe amefika?" Sankale akauliza.

"Amefika."

Mwaka wa 2004 mjumbe akakwama tena. Safari hii Mbaluka hakusumbuka hata kufikiri, alikwenda moja kwa moja kwa Musau.

Kisha ukaja ukame wa 2006. Januari, pampu ikaungua. Walipotaka kuitoa, haikusogea hata kidole kimoja, na walipozidisha nguvu waya wa winchi ukakatika. Macharia alifika baada ya siku nne, akaomba mjumbe kabla hata ya chai. Akampima kwa utepe, akampima tena.

"Niliwaachia inchi tano. Hii ni nne na robo. Nani alipunguza?"

Wote walimtazama Mbaluka.

"Ungeniita ile mara ya kwanza, mzee, tungeokoa hii kitu. Saa hii mwamba imeshika bomba na pampu pamoja. Hapa hakuna kisima tena."

Sankale alikuwa ameegemea fimbo yake. "Uliniambia amefika," akasema kwa upole.

"Alifika, mzee," Mbaluka akajibu. Ilikuwa kweli tupu, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku ya pili Sankale alishika njia ya Loitokitok na ng'ombe sitini kutafuta maji. Alirudi mvua zilipokuja, na ng'ombe kumi na mmoja. Alimpa Mbaluka mkono, akamsalimu sopa kwa Kimaasai, akamuuliza habari za mke na watoto. Mbaluka alisimama pale kando ya birika kavu akilingoja lile swali la siku zote, amjibu ukweli hata kama umechelewa. Sankale akawapigia mbinja ng'ombe wake, akaenda. Hakumuuliza tena kitu chochote.