Kutu Chini ya Rangi ya Bluu

Mtaa mzima walimwita Msasa, na si kwa sababu ya kazi yake ya kupaka rangi baiskeli peke yake. Ulimi wake nao ulikwaruza. Lakini siku kaka yake mkubwa alipoingia karakanani akisukuma baiskeli ya marehemu baba yao, Msasa alinyamaza kimya. Wanaomjua wangekimbia.

Baiskeli yenyewe ya mashindano, ya chuma, ya zamani. Msasa ndiye aliyekuwa akiisafisha pamoja na baba. Udongo wa kaburi haujakauka, kaka akaibeba: "Wewe mwanamke, ya mashindano ya nini?" Akaenda kuiegemeza kwenye banda la kuku, jua lake, mvua yake. Miaka yote hiyo Msasa akipita pale anageuza uso. Sasa bwana mkubwa kaalikwa kwenye msafara wa wenye baiskeli za zamani, ndipo kamkumbuka dada. Hana haya huyo!

"Dada yangu, ing'arishe. Iwe kama siku zile za baba."

"Niachie tu, kaka," alisema Msasa kwa sauti ya asali. Moyoni: atanitambua.

Akaanza na kromu, zile sehemu za kung'aa. Karatasi ya foili ya jikoni iliyokunjwakunjwa, siki kidogo, akasugua rimu na usukani mpaka akajiona meno. Hapo hakudanganya, maana kromu ndiyo watu huitazama kwanza. Rangi ya zamani akaikwangua, akapiga msasa, akapaka rangi ya msingi, ikakauka, akapaka bluu ileile ya baba, tabaka juu ya tabaka. Ila mahali pamoja, chini kabisa, pedeli zinapoungana na fremu, aliiacha kutu kama alivyoikuta, akaifunika. Baba alikuwa akisema fundi anayepaka rangi juu ya kutu ni mwizi. Basi na awe mwizi! Kaka aliiba mchana kweupe, mbona hakuna aliyemwita hivyo? Mvua moja tu, rangi itafura malengelenge mbele ya wenzake, achekwe mpaka akose pa kuweka uso. Alicheka peke yake huku akipuliza vumbi.

Siku ya kuichukua, kaka alikuja na wenzake wa msafara. Walipoiona walishika vinywa. Mmoja akapitisha kidole kwenye fremu: "Loo! Fundi gani huyu?"

Msasa alingoja kaka ajisifu, kama kawaida yake. Kaka akamshika bega.

"Dada yangu huyu. Mkono wa baba kauchukua yeye. Mimi nilichukua baiskeli tu, nikaiharibu. Kila atakayeniuliza nitamwambia, hii ni kazi ya Msasa."

Wenzake wakaanza palepale kugombea nani atangulie kumletea yake. Msasa akaitupia jicho pale alipoificha kutu. Malengelenge yale sasa yatakuwa na jina lake! Na alivyomchukia kaka yake hapo, hakumchukia hivyo hata siku ya mazishi. Baiskeli kachukua, na kisasi nacho kachukua, tena kwa maneno ambayo Msasa aliyangoja miaka yote.

"Kaka, iache hapa! Kuna mahali sijamaliza!"

"Acha maringo, fundi," kaka akacheka. Akapanda, akaondoka, na wenzake wakabaki wakimpigia Msasa makofi.