Fundi wa vizimba anayefuata maranda yake nyumba kwa nyumba

Saa nne asubuhi, katika mtaa wa Dallas mjini Embu, Thuranira Mutembei amepiga magoti sebuleni mwa watu asiowafahamu vizuri. Anavuta trei ya kizimba cha ndege polepole sana, vumbi lisiruke.

"Mama, fungua na lile dirisha la nyuma," anasema.

"Fundi, ukiendelea hivi tutakuwa tunaishi barabarani," anajibu mwenye nyumba, Wanja, akienda kulifungua.

Ndani ya kizimba kuna kasuku mdogo wa kijani. Amevimbisha manyoya, na mkia wake unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Mutembei anatazama saa ya mkononi, midomo ikihesabu bila sauti. Akimaliza anaanza tena.

"Umepata ngapi?" anauliza Mzee Ndambiri, baba yake Wanja, kutoka kwenye kiti chake. Ana miaka 81 na macho yake hayaoni tena.

"Mia moja na kumi na sita kwa dakika. Ni nyingi, mzee. Wangu wawili wakitulia hawafiki themanini."

"Mtu wa Meru amesafiri mpaka hapa kuhesabia ndege pumzi. Huko kwenu hakuna kazi?"

"Kazi ndiyo hii, mzee."

Mutembei, mwenye umri wa miaka 54, ni seremala. Karakana yake iko karibu na soko la Gakoromone mjini Meru. Hutengeneza viti na masanduku ya nguo, lakini kwa miaka kumi na miwili amejulikana zaidi kwa vizimba vya ndege wa kufugwa nyumbani. Hakufundishwa na mtu. Alikarabati kimoja kilichovunjika, akakipima, akajenga cha kwake.

Kizimba kimoja hukiuza kwa shilingi 2,800, na mwezi mzuri huuza vitano. Kila kimoja hukichoma namba chini kwa msumari wa moto. Hiki cha Dallas ni namba 258.

Sokoni, mteja akinunua viazi huongezewa kimoja au viwili. Mutembei naye alitaka kuwa na nyongeza yake. Mwaka jana alianza kumpa kila mnunuzi mfuko wa maranda ya kutandika chini ya kizimba. Hakuzoa tu yaliyoanguka chini ya randa. Alichagua ya mwerezi, ule mti ambao watu wa hapa huuita mutarakwa, kwa sababu yananukia vizuri na huzuia wadudu.

"Niliwachagulia yaliyo bora," anasema. "Hapo ndipo huwa nakwama nikifikiria."

Alitoa mifuko 31 kabla ya Njura, mwalimu wa shule ya msingi mjini Meru, kumpigia simu. Ndege wake wawili walikuwa wamekufa katika wiki moja, wakihema midomo wazi. Daktari wa mifugo alikuwa ameinama juu ya trei, akanusa, kisha akauliza ni nani aliyewatandikia ndege mwerezi. Mafuta yale yanayonukia, alieleza, huumiza mapafu ya ndege, ambayo ni mepesi kuumia kuliko yetu.

"Mwalimu hakunilaumu. Aliniuliza tu kama kuna wengine niliowapa," anasema Mutembei. "Angenitukana ningepata nafuu."

Kwanza alijaribu kutumia simu. Wateja waliitikia vizuri, wakamshukuru. Wiki tatu baadaye alipita kwa mmoja wao, akakuta maranda yako pale pale. Mama wa nyumba alimwambia kuku wake wanalalia maranda mwaka mzima na hakuna aliyekufa.

Tangu siku hiyo hapigi simu tu. Anaenda mwenyewe.

Kwenye ubao ulio ukutani mwa karakana ameandika kwa chaki namba za vizimba vyote 31. Ishirini na sita zimefutwa. Katika nyumba tatu alikuta kizimba kitupu, akaeleza sababu. Mmoja wa wenye nyumba alimfungia mlango kabla hajamaliza kusema.

Safari moja ya Embu humlia karibu faida yote ya kizimba kimoja. Mkewe, Marcella, anayeuza ndizi Gakoromone, humcheka wateja wakisikia. "Wengine huuza keji za ndege. Huyu wangu anauza keji, halafu anafuata nyuma kuuza pole!" Lakini asubuhi ya leo ndiye aliyemfungia chai kwenye chupa.

Kabla ya kuwaambia watu watumie nini, Mutembei alijaribu mwenyewe. Aliweka kila aina ya tandiko kwenye kopo la peke yake, akamwagia maji kijiko kimoja, akafunika, akawa anafungua kila asubuhi na kunusa. Makapi ya kahawa, ambayo wengi huku huyapata bure, yalishika ukungu siku ya tatu. Mchanga aliuacha kwa sababu aliona ndege wake wanaudonoa na kuumeza. Hata maranda ya miti mingine hayaamini, kwa kuwa mbao nyingi siku hizi hupakwa dawa ya mchwa.

Kilichobaki ni karatasi. Anapenda ile ya kaki ya kufunikia vitabu vya shule. "Hata gazeti la kawaida halina neno, mradi limekauka," anasema. "Karatasi zinazong'aa, hapana."

Sebuleni, trei imefutwa kwa maji na kukaushwa. Mutembei anatandika karatasi tano, moja juu ya nyingine, kingo zikigusa trei pande zote. Mfuko wa maranda ameufunga na kuuweka nje ya mlango. Sasa anakuja kusimama mbele ya mzee.

"Mzee, si ugonjwa uliomwingia tu. Ni maranda yangu. Mimi ndiye niliyeyatoa."

Mzee Ndambiri anageuza uso kuelekea kizimba.

"Huyu aliniamsha kila siku kabla ya redio," anasema. "Wiki mbili sasa hajalia. Nami nilikuwa naisifu ile harufu. Sanduku la marehemu mama yake Wanja lilinukia hivyo hivyo."

"Pole, mzee."

"Umeyapeleka wapi?"

"Nje. Nataka kuyatupa."

"Usitupe. Wanja, yatie kwenye sanduku langu la nguo, huko chumbani, na ufunge. Nguo hazivuti pumzi. Ndege apewe hiyo karatasi yako."

Wanja anacheka, akijipangusa macho kwa mkono wa sweta.

Mutembei anampa maagizo. Kila asubuhi atoe karatasi ya juu tu. Ya kesho asiitupe kabla fundi hajaiona, kwa sababu kinyesi kitamwonyesha kama ndege amekula. Fundi mwenyewe atalala kwa binamu yake hapa Embu, arudi saa moja asubuhi.

Ana mpango wa nyongeza mpya, karatasi 30 za kaki zilizokatwa kwa kipimo cha trei na kufungwa kwa mkonge. Lakini ameapa kwamba hatauza kizimba kingine kabla ubao haujawa mtupu. Namba nne bado hajazifikia. Mojawapo ni ya mama ambaye simu yake haipatikani, na anachojua ni kwamba anaishi upande wa Runyenjes. Kesho, akitoka hapa, ataanza kuuliza huko.

Je, hii namba 258 anaweza kuifuta?

"Bado," anasema, akihesabu pumzi mara ya mwisho. Mia moja na kumi na nne. "Haifutwi kwa sababu nimetoa maranda. Mzee akiniambia ameamshwa, ndipo nitaifuta."