Dumu Juu ya Pikapu

Kituoni walimwita Fultenki, kwa utani tu, maana alikuwa mwembamba kama njiti. Aliuza petroli miaka mingi. Watu wa pale walimjua kwa mambo mawili: hakuwahi kumpunja mteja, na alipenda kujificha nyuma ya choo cha kituo kuvuta sigara. Hilo la pili ndilo lililokuja kumharibia jina.

Mchana mmoja wa kiangazi, hewa ikiwa kavu kabisa, shemeji yake, mdogo wa mkewe, alifika na pikapu. Alitaka petroli ya jenereta ya gereji yake. Dumu la plastiki lilikuwa nyuma, juu ya plastiki iliyotandikwa ili bodi isichubuke.

"Lishushe chini," Fultenki alimwambia. "Ndiyo sheria ya hapa."

"Mgongo unaniua, shemeji. Likijaa nani atalipandisha? Jaza hapohapo."

Akajaza hapohapo, shemeji yake ameliinamia dumu akilishikilia. Lilipokaribia kujaa akatoa bomba, halafu akalirudisha aongeze kidogo. Mdomo wa chuma ulipokaribia shingo ya dumu, kitu kikalia tak, kama kijiti kinachovunjika. Moto ukawafunika wote wawili.

Fultenki aliungua mikono mpaka viwikoni, na vidole vyake havikunyooka tena. Shemeji yake hakumaliza wiki hospitalini.

Kabla hata ya mazishi maneno yalishasambaa kwamba alikuwa na sigara. Mwenye kituo alisema hivyo, wakwe zake wakasema hivyo. Mkewe alimlisha na kumwogesha bila kumtazama usoni. Mara moja tu alimuuliza.

"Niambie ukweli. Ulikuwa umewasha?"

"Sikuwasha."

"Basi moto ulishuka mbinguni."

Ilifika mahali akaanza kujitilia shaka mwenyewe.

Miezi ikapita, akaja dada yake, mwalimu wa sayansi.

"Wifi," mke wa Fultenki alimwambia mlangoni, "kama umekuja kumtetea kaka yako, chai ipo, lakini masikio sina."

"Nataka kukuonyesha kitu. Ukikikataa, nitakunywa chai niondoke."

Alichana gazeti vipande vidogo, akasugua rula ya plastiki kwenye nywele zake, akaisogeza juu ya vipande hivyo mezani. Vikaruka na kunata kwenye rula.

"Kila kitu kina chaji," alisema, "chanya na hasi. Zikilingana, huoni lolote. Ukisugua, za hasi zinahama, upande mmoja unazidiwa. Zinazofanana zinasukumana, zilizo tofauti zinavutana. Petroli ikipita kwenye bomba inafanya hivyohivyo. Dumu likiwa chini, chaji zinapata njia ya kuingia ardhini. Likiwa juu ya plastiki, zinajazana tu. Ukileta chuma karibu, zinaruka. Hiyo ndiyo cheche, na mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya hapo."

Mke alivitazama vile vipande.

"Kwa hiyo haikuwa sigara."

"Haikuwa."

"Na nani alisema dumu libaki juu ya gari?"

"Mimi ndiye niliyejaza," Fultenki alisema kutoka kwenye kiti chake. "Ningeweza kukataa."

"Nimeuliza nani alisema."

"Yeye. Mgongo ulikuwa unamuuma."

Mkewe akakaa chini. "Bora ingekuwa sigara," alisema taratibu. Kisha: "Mama akilijua hili, litammaliza."

"Basi asilijue."

"Watakuchukia mpaka unaingia kaburini."

"Wameshazoea. Waache."

"Kaka, huo ni uongo," dada yake alisema.

"Si uongo. Ni kunyamaza tu."

Mwaka ulipotimia, mkewe alikwenda kwao peke yake kusafisha kaburi. Mama yake, akiwa ameinama, aliuliza kama yule mvuta sigara bado yu hai.

"Yu hai," mke wa Fultenki alijibu, akaendelea kung'oa majani.